Nyumba ya Mnada na Elbo ya Shemeji Yako

Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla moyo haujakwenda mbio: sote ni wazima. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ukiona bahasha nene unafikiria msiba. Hakuna msiba. Bahasha ni nene kwa sababu dada yako ana maneno mengi, na hilo ulilijua tangu ukiwa mgongoni kwangu.

Wewe u hali gani huko? Kile kifua kimeachia? Picha uliyotuma tumeipata. Mama ameikagua kwa kioo cha kukuzia mpaka akaridhika kwamba mashavu yamerudi, ila ameniagiza nikuulize kwa nini koti lako halina kifungo cha pili kutoka juu. Wifi yangu asidhani ni mimi niliyeona, mimi sijaona kitu. Kishone mwenyewe, mikono unayo.

Mama mwenyewe hajambo. Nyonga inamsumbua asubuhi na kutulia mchana. Umetimia mwezi wa saba tangu ateleze kwenye ngazi, na katika miezi hiyo hajashuka chini hata mara moja. Ngazi ni sitini na nane, nimezihesabu nikiwa na mizigo na nikiwa sina. Bafu letu, kama unavyokumbuka, liko mwisho wa korido na lina vidaraja viwili vya kupanda, kwa hiyo maji ya kuoga namletea chumbani kwa beseni. Halalamiki. Ameweka kiti chake dirishani na ameshakuwa mkuu wa mtaa: anajua duka lipi linachelewa kufunguliwa na jirani yupi amebadilisha kazi. Lakini siku moja nilimkuta ameegemeza paji la uso kwenye kioo akiangalia watu wanavyokanyaga chini, na sikuweza kuongea naye mpaka nikaenda kwanza kuosha vyombo.

Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kucheka hadharani. Humsomea Bibi yake gazeti kila jioni kwa ulimi wa mapengo, na Mama anasema siku hizi habari mbaya zinasikika vizuri zaidi.

Sasa nyumba. Katika barua iliyopita nilikudokezea tu kwamba tumeshinda mnada. Benki ilikuwa inauza nyumba ya mzee mmoja aliyeshindwa kumaliza mkopo. Mwenyewe alishahamia kwa mwanawe, na nyumba ilikaa na kufuli miezi mingi. Sikuwa na raha kamili kununua kilichomshinda mwenzetu, lakini ilikuwa itauzwa tu, kwetu au kwa mwingine. Ina vyumba vitatu, uzio wa matofali, mfereji wa maji uani, na jambo moja lililonifanya ninyooshe mkono mnadani kabla shemeji yako hajanyoosha wake. Ukifungua mlango, unakanyaga ardhi. Hakuna ngazi hata moja.

Tulitoa malipo ya awali, yaani akiba yetu yote na ile uliyotuongezea, Mungu akuzidishie. Baada ya hapo zilibaki siku thelathini kabla ya kutia saini hati za mwisho na kukabidhiwa funguo. Mkataba wa siku hizo niliusoma mara tatu, maana mimi na karatasi tunaelewana. Nyumba inauzwa kama ilivyokuwa siku ya mnada. Ikiharibika kabla ya makabidhiano, mnunuzi aiarifu benki kwa maandishi, na benki itatuma mtu wa kuja kuona. Lakini mnunuzi asiguse kitu. Akifanya kazi yoyote kwenye nyumba ambayo bado si yake, benki inaweza kuvunja mauziano na kubaki na malipo ya awali. Hicho ni kifungu cha kumi na moja, na kilikuja kututoa jasho.

Zilipobaki siku tisa nilimwomba mlinzi anifungulie nikapime madirisha ya chumba cha nyuma, ambacho tulishaanza kukiita chumba cha Mama. Nilikwenda na utepe wa kupimia na furaha zangu. Mlango wa chumba ukagoma, mbao zimevimba. Nikausukuma kwa bega. Maji yalikuwa yamefunika sakafu kina cha kidole. Ukuta unaopakana na bafu ulikuwa umetoa tumbo, lipu imebanduka vipande vipande, na ndani yake nikasikia maji yanakwenda. Kwenye kona ukungu ulishaanza kuota, wa kijani. Mlinzi akajaribu kufunga koki ya nje, lakini ilikuwa imeshikwa na kutu, haikukubali. Mimi nilisimama pale na viatu mkononi nikalia, sikufichi. Halafu nikapima madirisha, kwa kuwa ndicho kilichonipeleka.

Nilirudi kazini moja kwa moja. Unajua huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiwa katibu muhtasi wa shule, na zile barua za mwalimu mkuu zinazosifiwa mpaka wizarani zinatoka kwenye vidole hivi. Nikaandika taarifa ya uharibifu, aya nne, haina neno la ziada. "Maji yamefunika sakafu kwa kina cha kidole na yanaendelea kutiririka." Nikaipeleka benki kwa mkono wangu, nakala yangu ikapigwa muhuri. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona mwanasheria.

Jioni nikamsimulia shemeji yako. Nilitegemea atawaka, au atatoa yale maneno yake ya kifundi ambayo mtoto haruhusiwi kuyasikia. Badala yake aliuliza mambo mawili tu. Ni ukuta upi? Na unyevu umeanzia usawa wa goti au wa kiuno? Nikamwambia wa bafu, na ni goti. Akasogeza sahani pembeni, akaenda kusimama dirishani karibu na Mama, akabaki pale mpaka wakati wa kulala.

Unamjua shemeji yako. Siku ya harusi yako alipotea, tukamkuta jikoni mwa ukumbi na suti yake, nusu ya mwili chini ya sinki, eti alisikia kitu kinadondosha. Siku nilipojifungua alitengeneza mifereji miwili ya hospitali kabla hajamwona mtoto. Kwa hiyo kesho yake aliporudi na saruji kwenye kucha sikuuliza. Fundi bomba ana haki ya kurudi na saruji kwenye kucha, kama mimi ninavyorudi na wino kidoleni.

Siku ya tatu afisa wa benki akaja kukagua. Ni bwana mmoja mpole, mwenye kalamu nne mfukoni, na kwa kuwa aliiamini barua yangu alikuwa amevaa gambuti ndefu mpaka magotini. Zilikuwa za kuazima, maana zilimpwaya na kila hatua zilitoa sauti yake. Nikatangulia kwa majonzi kamili kufungua chumba cha Mama, nimeshajiandaa kuusukuma mlango kwa bega. Mlango ukafunguka laini, nikaingia ndani kama niliyesukumwa.

Sakafu ilikuwa kavu, imepigwa deki. Ukuta ulikuwa na lipu mpya, bado ya kijivu iliyokolea, imenyooka kuliko kuta nyingine zote za nyumba. Hata ukungu wa kona ulikuwa umesuguliwa. Afisa akasimama katikati ya chumba na gambuti zake, akakunjua barua yangu, akasoma kwa sauti, "kina cha kidole." Akaangalia chini. Akaangalia kidole chake.

"Sasa mama, maji yenyewe yako wapi?"

"Yalikuwepo," nikasema.

"Mimi hapa nina mawili tu. Ama maji hayakuwepo, na hii barua umetunga. Ama yalikuwepo, na mtu kaingia kafanya kazi. Na hilo la pili, mama, ndicho kifungu cha kumi na moja."

Hakusema kwa ukali, na afadhali angefanya ukali. Alinipa siku mbili nijieleze kwa maandishi. Nikabaki nimesimama chumbani nikisikiliza gambuti zikiondoka mpaka barabarani, na lipu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona iko mbele yangu. Niliijua ni mkono wa nani. Nimelala karibu na mkono huo miaka kumi na sita.

Nilianza kumsema kuanzia ngazi ya kwanza, yeye hayupo, na nilipofika ya sitini na nane nilikuwa nimepanga maneno ya wiki nzima. Hakukana. Alisema mlinzi alimfungulia kwa sababu aliona mfuko wa spana akadhani katumwa na benki, na yeye hakumkatalia. Halafu akainama chini ya kitanda akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akaniwekea mapajani bila kuniangalia.

Ilikuwa elbo, kile kiungo cha bomba cha kupindia kona, imeliwa na kutu upande mmoja. Nikamwambia nimeiona, ni elbo, je? Akanionyesha ndani. Mabomba ya chuma yakiungwa, fundi huzungushia nyuzi za katani kwenye meno ya bomba ili maji yasipenye. Zinatakiwa zifuate upande wa kukazia. Ukizungusha kinyume, kila unapokaza zinajikunjua. Elbo ile ilizungushiwa kinyume. Na anayezungusha kinyume, akasema, ni mtu wa mkono wa kushoto ambaye bado hajafundwa vizuri.

Wewe na mimi tunamjua mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto mwenye spana.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, kabla hata sijamjua, fundi wake mkuu alimwachia nyumba ya kwanza aifanye peke yake, nayo ndiyo hii. Wakati huo ilikuwa kuta tupu kwenye kiwanja chenye majani marefu. Mnadani hakuitambua, maana sasa ina paa na uzio, na barabara imepita mbele yake. Aliitambua pale mezani, niliposema ukuta wa bafu, usawa wa goti, kwa sababu alikumbuka kwamba ile elbo aliiweka chini mno na fundi mkuu alimgombeza. Kwa hiyo kesho yake alikwenda kuhakikisha, akafungua ukuta, akajikuta humo.

"Nisingeweza," aliniambia. "Waje mafundi wengine waufungue ule ukuta, wanicheke mle ndani. Na maji yanaingia chumba cha Mama. Nisingeweza."

Hasira ikaniishia njiani. Nilimwonea huruma mume wangu, na bado nilitamani kumpiga na ile elbo.

Kitu kimoja alikifanya sawasawa, na kwa mazoea tu. Kabla ya kugusa kazi yoyote huandika kwa penseli namba za mita ya maji, ili mwenye nyumba asije kusema fundi kampotezea maji. Safari hii aliandika pembeni mwa mlango wa bafu, pamoja na tarehe. Nikatoa karatasi za mnada. Benki nayo ilisoma mita siku ya mnada. Nikalinganisha, na tofauti yake ilikuwa maji ya kujaza matangi, wakati nyumba haikuwa na mtu. Maana yake bomba lilipasuka baada ya mnada, nyumba ikiwa bado mikononi mwa benki, na barua yangu ilikuwa kweli tupu. Lakini namba zile zilikuwa za mwandiko wa shemeji yako, ndani ya nyumba isiyo yake. Ushahidi wetu na kosa letu vilikuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo mimi, fundi wa barua, nikapata wazo. Ningeandika kwamba nilikosea. Kwamba labda mtu alimwaga ndoo ya maji wakati wa kusafisha, nikashtuka, nikazidisha chumvi, na naomba radhi kwa usumbufu. Benki ingeniona mjinga, faili lingefungwa, na siku ya saini ingefika. Shemeji yako akasema niandike hivyo hivyo. Nikaandika. Ilikuwa barua nzuri, mdogo wangu, naona haya kusema ilikuwa nzuri kiasi gani.

Mama akataka asomewe. Unajua hakuna karatasi inayotoka nyumba hii bila kupita masikioni kwake. Nikasoma mpaka mwisho. Akauliza kama ndani ya barua ile kuna neno moja la kweli, nikamwambia tarehe.

"Chumba hicho si changu?" akasema. "Ni mimi nitakayelala humo. Mimi sitaki kulala na uongo ukutani. Miaka kumi na tisa hujamwandikia mtu uongo, leo uanze kwa ajili yangu?"

Nikamwambia tukisema kweli tunaweza kuikosa nyumba na fedha pia. Akasema amesikia, hajawa kiziwi. Kama nyumba inakwenda, iende, yeye dirisha lake bado lipo. Halafu akageuza uso akaangalia nje. Aliyekuwa na cha kupoteza kuliko sote ni yeye, na alikuwa ameshajitolea. Nikaichana ile barua vipande vidogo.

Tulikwenda benki wote wawili. Shemeji yako alivaa ile suti ya harusi yako, na elbo kwenye gazeti kwapani. Mimi nilibeba karatasi za mita na nilikuwa na hotuba, ila sikupata nafasi. Yeye, ambaye kwa siku hasemi maneno hamsini, alisema yote. Aliiweka elbo mezani kwa afisa, ikamwaga kutu juu ya faili letu, akaipangusa kwa kiganja, akaitandaza zaidi. Akaeleza alivyoingia, alivyofungua ukuta, alichokikuta, na ni mkono wa nani. Afisa akaigeuza elbo huku na huku, akasema bafuni kwake kazi ya fundi haijafikisha hata miaka miwili na panavuja, hii imefika ishirini na miwili. Halafu akakumbuka yuko kazini, akatupeleka kwa meneja.

Meneja ni mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Alimsikiliza shemeji yako kutoka mwanzo tena. Alilinganisha namba za mita yetu na zao kwa ncha ya kalamu, tarakimu moja moja. Nilikuwa namtazama mdomoni tu, nikijua kwamba miaka kumi na moja ya kujinyima na unyayo wa Mama kugusa chini vinangoja jibu lake.

"Nyumba nzima uliifunga mabomba wewe?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Kwa mkono huu huu?"

"Huu huu."

"Zimebaki ngapi za namna hii?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauondoa mguu wake taratibu. "Saba, mama. Sita ukutani, na moja ya mfereji wa uani."

Meneja akavua miwani akaiacha ining'inie. Akasema kwa sheria anaweza kuichukua nyumba leo leo. Lakini ikirudi kwake, zote saba zitapasukia mikononi mwake, na fundi pekee anayejua zilipo ni huyu aliyekaa hapa. Akacheka kidogo, na mimi sikuamini kwamba ni kicheko mpaka afisa naye alipocheka. Ikaandikwa karatasi moja ya nyongeza: benki haitudai kwa kifungu cha kumi na moja, sisi hatuidai kwa ukuta ule, na nyumba tunaichukua pamoja na kila kilichomo ukutani. Niliomba kubadilisha mkato mmoja kwenye sentensi ya pili, wakanikubalia.

Juzi Ijumaa tumetia saini. Nilikuwa najua ninachosaini kuliko mnunuzi yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti. Tulipokuwa tunatoka, afisa alimvuta shemeji yako pembeni akamwomba Jumamosi moja apite kuangalia bafu lake. Shemeji yako akamuuliza kwanza kama yule fundi wake alikuwa wa mkono wa kushoto.

Ngoja niishie hapa kwa leo, mpwa wako ananiita kufunga masanduku.

*

Chini,
Jumapili, 23 Juni.

Usiudhike, barua hii imekaa kwenye mkoba wangu wiki mbili. Angalia anwani ya hapo juu, mdogo wangu, halafu iangalie tena.

Tulihama Jumamosi ya wiki iliyopita. Shemeji yako alishauri Mama abebwe kwenye kiti. Mama akamwambia yeye akibebe kiti, ili kila ghorofa apate pa kupumzikia. Alishuka mwenyewe, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi na mwingine begani kwangu. Ilichukua karibu saa nzima. Majirani walifungua milango kumuaga, na kila mmoja akaambiwa jambo lake lililoonekana dirishani, wengine wakacheka na wengine wakafunga mlango upesi.

Tulipofika hakutaka kuingia ndani. Alivuka ua polepole mpaka kwenye mfereji, akavua viatu, akaufungua, akaosha miguu yake. Tangu aanguke nimekuwa nikimwosha miguu kwenye beseni. Aliiosha muda mrefu, mmoja halafu mwingine, akarudia wa kwanza. Hakuna aliyemharakisha. Mpwa wako alicheka na mapengo yake mbele ya wabebaji mizigo wote.

Nyumba ni vumbi tupu kwa sasa. Kila jioni shemeji yako anabomoa kipande cha ukuta, anatoa elbo, anaweka mpya, anapiga lipu. Amezitoa zote sita. Tatu zilikuwa nzima kabisa, na hizo ndizo zilizomuudhi zaidi. Ile ya kwanza, iliyotuponza, Mama ameiomba. Iko chumbani kwake, anazuia nayo mlango usipigwe na upepo.

Leo baada ya chakula cha mchana alitoka na spana yake kwenda kumaliza ile ya saba, ya mfereji. Mama alikuwa amekaa pale pale uani kwenye kiti chake, miguu chini. Akamwambia aiache. Shemeji yako akamweleza kwa adabu kwamba nayo katani yake imezungushwa kinyume, na siku moja itavuja.

"Siku ikivuja mimi nitakuwa nimekaa hapa, nitaiona," Mama akasema. "Nitakuita. Kwani utakuwa wapi?"

Shemeji yako alisimama na spana mkononi, akaangalia mfereji, akamwangalia Mama. Halafu akaiweka spana chini, akakaa karibu na kiti chake. Mimi nipo mlangoni nawaandika. Ni saa nzima sasa, na mfereji haujadondosha hata tone.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kifungo ni maneno ya Mama. Wasalimie wapwa zangu wawili, na yule mkubwa nimesikia anajifunza kupika, namwombea salama yeye na wanaokula. Mjomba Kimya akikupigia simu, msalimie, kama atakuachia nafasi ya kusema. Shangazi Miwani amekuja kuiona nyumba na amesema ni ndogo, maana yake ameipenda. Shemeji yako anakusalimu, na anauliza kama huko mabomba yenu ni ya chuma au ya plastiki.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akupe kazi isiyokuumiza, na siku moja akulete. Ukija usilete kitu. Utavua viatu mlangoni, utafungua mfereji, Mama atakuwa pale.

Dada yako akupendaye siku zote,

Mama wa Mapengo